Gripe mu meli: vile ugonjwa unapanda pamoja na abiria, na kwa nini bandari ndiyo mlango wa kuufunga

Mtu akikohoa na kupenga kamasi, wengi wanasema: «Ni kagripe tu, itapita.» Na kweli, kwa watu walio wengi inapita. Lakini OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni, inakadiria kwamba kila mwaka gripe inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa matatizo ya kupumua peke yake.

Tangu zaidi ya miaka 100, meli ni moja ya njia kubwa ambazo gripe inapitia. Mu 1918 zilikuwa meli za askari na za mizigo. Leo ni meli kubwa za watalii, zile ambazo watu wanapanda kwa kutembea tu, wakilala mu meli na kushuka kidogo kwa kila bandari. Meli haizai ugonjwa. Inakusanya watu wa mahali mbalimbali, inawaweka pamoja kwa siku nyingi, kisha inawamwaga. Kile kinachofanyika mbele ya watu kushuka ndicho kinaamua kama ugonjwa utabaki mu meli ao utaingia mu mji.

Gripe ni nini, na inatofautiana wapi na mafua?

Gripe ni ugonjwa wa njia za pumzi unaoletwa na virusi inayoitwa influenza. Zile zinazosumbua watu zaidi ni za aina A na aina B. Aina A inagawanyika tena, na majina yake yanaandikwa kwa herufi na namba: H1N1, H3N2.

Mafua ya kawaida inakuja polepole. Pua inatiririka, koo inawasha, lakini mtu anaendelea na kazi yake. Gripe inaangusha kwa gafula: homa kali, kichwa kuuma, maumivu ya misuli na viungo, kikohozi kikavu, uchovu mwingi. Asubui mtu alikuwa muzima, magaribi hawezi kuinuka kitandani.

Tangu virusi kuingia mu mwili mpaka dalili kuonekana, inachukua siku 1 mpaka 4, mara nyingi siku 2. Tena mtu anaanza kuambukiza wengine karibu siku moja mbele dalili hazijaonekana, na anaendelea mpaka siku 5 ao 7 kisha kuanza kugonjwa. Watoto wadogo na wale wenye mwili zaifu wanaweza kuambukiza siku nyingi zaidi.

Hesabu hii ndogo inaeleza shida yote ya meli. Mtu anaweza kupanda akiwa muzima machoni pa wote, akapita mbele ya muganga wa bandari bila homa, na kesho yake akaanza kuambukiza wenzake ku meza bila yeye mwenyewe kujua.

Virusi inatoka na mate na kamasi wakati mtu anakohoa, anapiga chafya, anaimba ao anasema kwa sauti kubwa. Matone makubwa yanaanguka karibu. Yale madogo sana yanaweza kubaki hewani mu chumba ambacho hakipiti upepo. Mikono pia inabeba: mtu anajifuta pua, anashika mlango, mwengine anashika palepale kisha anajigusa mdomo ao macho.

Wanaoumia zaidi ni wazee wa miaka 65 na kuendelea, wanawake wenye mimba, watoto wa chini ya miaka 5, na watu wenye magonjwa ya kudumu kama vile asma, kisukari, ugonjwa wa moyo, sida. Kwao gripe inaweza kushuka mu mapafu na kuua.

Kwa nini meli ya watalii ni pahali pepesi kwa gripe?

Meli ya watalii ni hoteli inayotembea juu ya maji. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watu mu mwezi wa kwanza 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000, pamoja na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Ni sawa na kuchukua watu wa mtaa muzima na kuwaweka mu jumba moja. Wanakula mu vyumba vilevile, wanashika vijiko vilevile vya kupakulia, wanaingia mu lifti pamoja, wanakaa mu sinema na mu dansi.

Sababu ya pili ni mahali watu wametoka. Mu Ulaya na Marekani ya Kaskazini, gripe inakuwa kali wakati wa baridi yao, karibu mwezi wa 12 mpaka wa 3. Mu Australia na Afrika ya Kusini, baridi yao ni katikati ya mwaka, basi gripe pia inapanda wakati ule. Mu inchi za joto kama Kongo, inaweza kuzunguka mwaka muzima. Meli moja inaweza kubeba watu wa pande hizo zote siku moja. Njo maana meli haina msimu wa gripe: siku zote kuna mtu ambaye anatoka kwenye msimu wake.

Sababu ya tatu ni umri. Kati ya abiria wa safari hizi mara nyingi kuna wazee waliokwisha kupumzika na kazi, wenye miaka 65 na zaidi. Ndio hao ambao gripe inawaumiza zaidi.

Sababu ya nne watu wanaisahau mara nyingi: wafanyakazi. Abiria anakaa siku 7 ao 10, kisha anashuka. Mpishi, mtu wa kufagia, mtu wa kubeba sahani na fundi wa mashine wanabaki, wanapokea kundi lengine siku ileile. Wengi wanalala wawili ao zaidi mu chumba kidogo, sehemu za chini za meli, bila dirisha. Kama gripe imeingia kwao, inaweza kuvuka toka safari moja mpaka safari ingine, hata kama abiria wote wamebadilika.

1918: Meli moja, bandari moja, dunia nzima

Gripe kubwa ya 1918, ile iliitwa «gripe ya Hispania» hata kama haikutoka Hispania, iliua watu ambao wataalamu wengi wanawakadiria kuwa karibu milioni 50. Ndege za abiria zilikuwa bado. Ilisambaa kwa reli, kwa miguu ya askari na wapagazi, na zaidi kwa meli.

Tarehe 15 mwezi wa 8, 1918, meli ya kivita ya Uingereza HMS Mantua ilifika Freetown, mu Sierra Leone, na mabaharia karibu 200 wagonjwa. Freetown ilikuwa bandari ambamo meli zilichukua makaa ya mawe. Wafanyakazi wa makaa walipanda mu meli, wakashuka, wakarudia nyumbani. Kisha siku chache, mu kampuni ya makaa yenye wafanyakazi 600, karibu 500 hawakuweza kuja ku kazi. Na kila meli mupya iliyokuja kuchukua makaa iliondoka na kitu kingine juu yake.

Moja ya meli hizo ilikuwa Tahiti, iliyobeba askari wa New Zealand wakienda Uingereza. Ilitia nanga ku Freetown, na askari hawakuruhusiwa kushuka inchi kavu. Haikusaidia, juu watu na vitu viliendelea kupita kati ya meli na meli. Kati ya watu wapatao 1,200, walio wengi sana waligonjwa, na 77 walikufa.

Meli zingine mbili, Jaroslav na Veronej, zilipita Freetown zikirudisha askari Waafrika wa Afrika ya Kusini kutoka Ulaya. Zilifika Cape Town mu mwezi wa 9. Wagonjwa walitengwa, wengine wakaangaliwa kwa siku chache, kisha wakaachiliwa kupanda treni kwenda kwao. Mu majuma machache gripe ilikuwa imefuata reli mpaka ndani ya inchi.

Vile ilifika mu Kongo

Kwa upande wa Kongo, ugonjwa uliingia kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa mdomo wa mto, ku bandari za Boma na Matadi, ambako meli za Ulaya zilifika. Toka Matadi kulikuwa reli mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, na toka pale mabato ya mvuke yalipanda mto mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani.

Mlango wa pili ulikuwa wa kusini. Reli ya Cape Town ilipita Kimberley, Bulawayo na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi, tangu 1910. Njia ileile iliyoshusha shaba ya Katanga ilipandisha gripe mpaka kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi.

Upande wa mashariki, bandari ya Mombasa nayo ilikuwa imepokea ugonjwa, na reli ya Uganda ikauleta karibu na Maziwa Makubwa. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa haijaisha mu Afrika ya Mashariki. Askari na wapagazi, kati yao watu wa Kongo waliokuwa wamepelekwa mpaka Tabora na Mahenge, walikuwa wakitembea mu eneo lote. Njia za vita na njia za biashara zikawa njia za ugonjwa.

Samoa mbili: mfano ambao haujasahaulika

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali, mu bahari ya Pasifiki. Mwisho wa mwezi wa 10, 1918, meli Talune iliondoka Auckland, mu New Zealand, na wagonjwa ndani. Ku Fiji iliwekwa mu karantini. Tarehe 7 mwezi wa 11 ikafika Apia, mu Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya utawala wa New Zealand. Pale abiria waliruhusiwa kushuka, wagonjwa wakiwa kati yao.

Mu miezi miwili hivi, watu karibu 8,500 walikufa. Ni zaidi ya mtu 1 kwa watu 5. Mu vijiji vingine hakubaki watu wenye nguvu ya kuzika wala ya kuchuma chakula.

Karibu na pale, mu Samoa ya Marekani, gavana John Martin Poyer alikuwa ameamuru karantini kali. Meli hazikuruhusiwa kushusha watu mbele ya kuangaliwa siku kadhaa, na wenyeji wenyewe walilinda fukwe ili mitumbwi isiingie kwa siri toka visiwa jirani. Mu Samoa hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyekufa kwa gripe ile.

Watu wa visiwa hivyo ni wa lugha moja na damu moja. Hakuna upande uliokuwa na dawa, hakuna uliokuwa na chanjo. Tofauti ilikuwa ku bandari. Mu 2002, waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda Samoa kuomba radhi kwa jina la serkali yake.

Meli za watalii: 1997, 1998, 2009

Mu mwezi wa 9, 1997, meli ya watalii ilisafiri kati ya New York na Montreal. Ndani yake kulikuwa kundi la watalii kutoka Australia, ambako msimu wa baridi ulikuwa unakaribia kuisha. Gripe ikatokea. Wachunguzi waliwauliza abiria, na asilimia 17 walisema waligonjwa njia za pumzi mu safari ile. Zaidi ya robo tatu ya abiria walikuwa na miaka 65 na kuendelea. Virusi yenyewe ilikuwa aina mupya ya H3N2 iliyogunduliwa Sydney mwaka ule, na watu wa Marekani ya Kaskazini walikuwa hawajaizoea. Ilifika kwao kwa meli ya matembezi.

Mwaka uliofuata, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, gripe ilizunguka kati ya watalii na wafanyakazi wa utalii mu Alaska na upande wa Yukon, Canada. Watu walishuka mu meli, wakapanda mabasi na treni, wakarudi mu meli ingine. Makumi ya maelfu ya watu wanakadiriwa kuwa waligonjwa. Kilichoshangaza waganga ni kwamba ilikuwa wakati wa joto, ambapo hakuna mtu kule anafikiri juu ya gripe.

Mu mwezi wa 5, 2009, wakati H1N1 mupya ilikuwa inaanza kuzunguka dunia, meli Pacific Dawn ilirudi Sydney na abiria 1,970 na wafanyakazi 734. Vipimo vilionesha watu 82 wenye ile H1N1 mupya na 98 wenye H3N2 ya kawaida. Wawili walikuwa na zote mbili kwa mara moja. Virusi mbili zilikuwa zinatembea mu meli moja, na mu macho dalili zilikuwa sawa. Kati ya watoto waliokuwa wakipelekwa mu chumba cha kuchezea watoto, H1N1 mupya iliambukiza wengi kuliko H3N2.

2020: Gripe ilipoficha Korona

Mu mwaka wa Korona, meli mbili zilifundisha dunia somo. Ugonjwa haukuwa gripe, lakini njia zilikuwa zilezile.

Ya kwanza ni Diamond Princess, iliyozuiliwa ku Yokohama, mu Japani, tangu tarehe 3 mwezi wa 2, 2020. Ilikuwa na watu 3,711. Abiria waliambiwa wabaki mu vyumba vyao, lakini wafanyakazi, waliokuwa zaidi ya 1,000, waliendelea kupika, kupeleka chakula na kulala pamoja. Mwishoni watu 712 walikutwa na virusi, na zaidi ya 10 walikufa. Kufunga mlango wa meli bila kutenganisha watu ndani ni kuwafungia wazima pamoja na wagonjwa.

Ya pili ni Ruby Princess. Tarehe 19 mwezi wa 3, 2020, abiria karibu 2,700 walishuka Sydney bila kuzuiliwa. Mu meli kulikuwa wagonjwa, na baadhi yao walikuwa wamepimwa na kukutwa na gripe. Watu wa afya wakaona hatari ni ndogo. Lakini Korona ilikuwa ndani pia. Zaidi ya abiria 600 walikutwa nayo, na vifo 28 vilihusishwa na meli ile. Tume ya uchunguzi iliyoundwa ilisema watu wa afya wa jimbo walifanya makosa makubwa, kwanza kwa kutongojea matokeo ya vipimo.

«Ni gripe tu» lilikuwa neno lililofungua mlango siku ile.

Kwa nini watu wanaficha?

Kwa sheria ya kimataifa ya afya ya mwaka 2005, bandari inaweza kumuomba kapiteni karatasi ya kutangaza hali ya afya ya watu wake: kama kuna mwenye homa, kama kuna aliyekufa, kama wagonjwa wanaongezeka kuliko kawaida. Karatasi hiyo ina nguvu tu kama yaliyoandikwa ndani ni ya kweli.

Ukweli una bei. Abiria amelipa pesa nyingi, anaogopa kufungiwa mu chumba mpaka mwisho wa safari. Mfanyakazi anaogopa kupoteza mshahara wa siku ao kurudishwa kwao. Kampuni inahesabu hasara ya kila siku meli inasimama. Bandari nayo inahesabu pesa ambazo watalii hawataleta. Kila mmoja ana sababu ya kunyamaza, na virusi inapita katikati ya kunyamaza huko.

Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza: muganga wa meli awaangalie wagonjwa bila kuwalipisha gripe, na mfanyakazi alipwe hata siku anakaa kitandani. Mtu ambaye hatapoteza kitu atasema. Mtu ambaye atapoteza mkate wa watoto wake atameza kidonge cha kushusha homa na kuendelea kupakua chakula.

Ni nini inasaidia?

Chanjo ya kila mwaka. Virusi ya gripe inabadilika, ndiyo maana chanjo inabadilishwa pia. Mara mbili kwa mwaka OMS inakutanisha wataalamu kuchagua virusi gani ziingie mu chanjo: mwezi wa 2 kwa ajili ya kaskazini ya dunia, mwezi wa 9 kwa ajili ya kusini. Chanjo haizuii kila kitu, lakini inapunguza ugonjwa mkali na vifo. Inachukua karibu majuma mawili mbele ya kufanya kazi, basi kuichoma siku ya kupanda meli ni kuchelewa.

Dawa za virusi. Kuna dawa kama oseltamivir, inayofaa zaidi ikianzishwa mu saa 48 za kwanza. Ni muganga anaiandika. Antibiotiki haziui virusi. Zinatumika tu kama bakteria imeingia juu yake. Na mtoto mwenye gripe asipewe aspirini, juu inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini.

Kutenga mapema. Mgonjwa akae mu chumba chake, akule peke yake, mpaka homa itoke saa 24 nzima bila dawa ya kuishusha. Anayemhudumia avae kitambaa cha pua na mdomo, kile watu walizoea kuita kashene wakati wa Korona, na anawe mikono.

Hewa. Kufungua madirisha pale inawezekana, kukaa juu ya meli kuliko chini, kupunguza mikutano ya watu wengi mu vyumba vilivyofungwa.

Maziwa na mto wa Kongo

Ku ziwa Kivu na ziwa Tanganyika hakuna meli kubwa za watalii kama zile za bahari. Lakini yanayofanya meli ya watalii kuwa pepesi kwa gripe yanaonekana pia mu mabato: watu wamesongana, usiku wa baridi, madirisha yamefungwa juu ya upepo na mvua, na abiria wa miji mbalimbali wanaoshuka asubui kila mtu njia yake. Ku mto, kati ya Kisangani na Kinshasa, balenyeri inaweza kuchukua majuma njiani, na watu wanapika, wanalala na kunyonyesha watoto juu ya mizigo ileile.

Na mu Kongo gripe haikuti watu wenye nguvu siku zote. Mwisho wa 2002, gripe ya aina H3N2 iliua watu mu eneo la Bosobolo, mu Équateur ya zamani. Mwisho wa 2024, watu wengi walisikia juu ya «ugonjwa usiojulikana» wa Panzi, ile ya jimbo la Kwango, si Panzi ya Bukavu. Vipimo vilionesha malaria kwa wengi, na pia virusi vya njia za pumzi, H1N1 kati yao, mu mwili wa watoto ambao chakula kilikuwa kimepunguka. Gripe peke yake ni mzigo. Gripe juu ya malaria na njaa ni mzigo ambao mtoto mdogo anaweza kukosa kubeba.

Chanjo ya gripe si kati ya zile chanjo za kawaida ambazo watoto wanapewa mu vituo vya afya. Basi kwa abiria wa maziwa na mto, yale yanayobaki ni ya zamani, yaleyale yaliyookoa Samoa moja:

- Kama munaona homa ya gafula na kikohozi, museme mbele ya kupanda. Safari ya kesho kutwa ni bora kuliko kuangusha bato nzima.
- Kama ugonjwa unaanza njiani, mgonjwa akae upande wa upepo unaotoka, mbali na wazee, wamama wenye mimba na watoto, na afunike mdomo.
- Fungueni madirisha ao turubai kila mara hali ya hewa inaruhusu.
- Mufike ku bandari, muende kituo cha afya mbele ya kwenda kusalimia familia. Homa inaweza kuwa gripe, lakini inaweza pia kuwa malaria. Ni kipimo kinatenganisha.
- Muende haraka kwa muganga kama mtu anapumua kwa shida, kifua kinamuuma, anachanganyikiwa, ao mtoto anakataa kunyonya, midomo inageuka rangi ya buluu, ao homa inashuka kisha inarudi kwa nguvu.

Bato inaweza kuoshwa kwa saa chache na kuondoka tena. Abiria aliyeshuka na virusi, yeye anaenda sokoni, kanisani, musikitini, mu nyumba ya mama yake. Mahali pepesi pa kumsimamisha ni pale ku ngazi ya bandari, mbele mguu wake haujagusa udongo.